Sensa ya Watu wa Kubuni: Nafasi ya Mwanamke katika Michezo ya Video

Kazi ya sensa ni kuhesabu watu. Karani hupita nyumba kwa nyumba akiuliza idadi ya wakazi, umri wao, jinsia yao na shughuli zao. Na kutokana na majibu hayo taifa hupata kujua ni wapi panapohitaji shule, zahanati au kisima. Yaweza basi kuonekana ajabu kusikia kwamba wako wataalamu waliofanya sensa ya watu wasiokula, wasiolala, wala wasiopata kuzaliwa: watu wa kubuni waonekanao katika michezo ya video. Hata hivyo kazi hiyo ilifanywa kwa taratibu kamili za kisayansi, na matokeo yake yamethibitisha jambo ambalo macho peke yake yasingeweza kulithibitisha.

Mchezo wa video ni programu ya kompyuta inayochora picha katika kioo na kuzibadilisha papo hapo kwa kufuata amri za mchezaji. Hapo ndipo unapotofautiana na sinema. Mtazamaji wa sinema huangalia mambo yanayotendwa na mtu mwingine. Mchezaji huyatenda mwenyewe, kwa kumwendesha mhusika aliyetayarishwa na waundaji. Mhusika akiruka, mchezaji husema, "Nimeruka." Akiangamia, husema, "Nimekufa." Kwa hiyo mwundaji amchaguapo mhusika mkuu, huamua pia ni nani atakayejiona katika nafsi ya kwanza ya hadithi hiyo, na ni nani atakayebaki mtazamaji.

Siku hizi michezo hiyo huchezwa katika simu za mkononi, majumbani, na katika vibanda vya mitaani vya miji kama Dar es Salaam na Nairobi, ambako vijana hulipa ili wacheze. Kwa watoto wengi ndiyo njia ya kwanza ya kuzoeana na mtambo wa kompyuta. Ikiwa njia hiyo imejengwa kwa namna inayomkaribisha mtoto wa kiume na kumwacha mlangoni mtoto wa kike, basi hasara yake haiishii katika mchezo. Yafaa kuchunguza kama jambo hilo ni kweli, limetokana na nini, na laweza kurekebishwa vipi.

Hesabu ya mwaka 2009

Mwaka 2009 watafiti wanne wa vyuo vikuu, Dmitri Williams, Nicole Martins, Mia Consalvo na James Ivory, walichapisha sensa kubwa ya wahusika wa michezo ya video. Walichukua michezo 150 iliyouzwa kwa wingi zaidi nchini Marekani katika kipindi cha mwaka mmoja. Kila mchezo ulichezwa na mchezaji hodari, picha zake zikanaswa, kisha kila mhusika mwenye umbo la binadamu akaandikwa: jinsia yake, rangi yake, umri wake, na kama alikuwa mhusika mkuu au wa pembeni.

Wataalamu hao walizingatia jambo jingine muhimu. Mchezo ulionunuliwa na watu milioni moja huonwa na macho mengi kuliko mchezo ulionunuliwa na watu elfu moja. Si haki kuipa michezo hiyo miwili uzito ulio sawa. Hivyo waliupa kila mchezo uzito kulingana na mauzo yake, ili hesabu ya mwisho ioneshe kile ambacho wachezaji walikuwa wakikiona kwa hakika.

Jumla ya wahusika waliohesabiwa ilikuwa 8,572. Katika kila wahusika 100, takriban 85 walikuwa wanaume na 15 tu walikuwa wanawake. Miongoni mwa wahusika wakuu, upungufu ulizidi: wanawake walikuwa kama 10 katika kila 100. Ikumbukwe kwamba katika idadi halisi ya watu wa Marekani wanawake ni nusu na ushei. Hali kadhalika watu wenye asili ya Amerika ya Kusini, wenyeji wa asili wa Marekani, watoto na wazee walikuwa wachache kuliko walivyo katika nchi yenyewe. Watu weusi hawakupungukiwa sana kwa idadi, lakini wengi wao walikuwa wamekusanyika katika michezo ya spoti. Idadi peke yake, basi, yaweza kudanganya: mtu aweza kuwapo, lakini awe amewekwa kona moja tu ya nyumba.

Hesabu hii haikuwa ya kwanza. Mwaka 1998 mtafiti Tracy Dietz alikuwa amechapisha uchunguzi wa michezo 33 iliyopendwa wakati ule. Katika ile iliyokuwa na wahusika, asilimia 41 haikuwa na mwanamke hata mmoja. Uchunguzi ule wa awali ulikuwa mdogo, na sensa ya 2009 ilikuwa kubwa. Zote mbili zilielekeza kidole upande mmoja.

Mwanzo wake

Msomaji aweza kudhani kwamba hali hii ilikuwapo tangu michezo ilipobuniwa. Historia yasema vingine. Mchezo wa Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, ulikuwa na vijiti viwili vya mwanga na kitone kilichopigwa huku na huku. Kama vile kete za bao zisivyo na jinsia, ndivyo na vijiti vile visivyokuwa nayo. Mwaka 1980, nchini Japani, Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alitoa Pac-Man, mchezo wa kimviringo cha manjano kinachokula vitone. Iwatani alichagua shughuli ya kula kwa makusudi, kwa kuwa alitaka kuwavuta wanawake na wachumba katika kumbi za michezo ambazo wakati ule zilijaa wanaume na michezo ya kufyatua risasi.

Wala waundaji wa siku zile hawakuwa wanaume weupe peke yao. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ilitoa mashine ya Channel F, ambayo iliwawezesha watu wa nyumbani kubadilisha mchezo kwa kubadilisha kaseti. Kazi hiyo iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi mweusi wa Marekani. Roberta Williams alibuni Mystery House mwaka 1980. Dona Bailey alishirikiana na Ed Logg kuunda Centipede, uliotolewa mwaka 1981. Carol Shaw aliandika programu ya River Raid, iliyotolewa mwaka 1982 na kuwa miongoni mwa michezo mashuhuri ya kizazi chake.

Badiliko lilikuja kwa hatua. Picha zilipoanza kupata umbo la binadamu, waundaji walihitaji hadithi fupi iliyoweza kueleweka kwa kutazama mara moja, na hadithi iliyokuwa karibu ni ya mwanamke aliyetekwa. Katika Donkey Kong, mchezo wa kampuni ya Nintendo wa mwaka 1981, sokwe anamteka mwanamke na kupanda naye juu ya jengo. Mchezaji ni mwanamume anayekwenda kumwokoa. Mwanamke huyo hana la kufanya ila kungoja. Kazi yake katika mchezo ni kama kazi ya kombe katika mashindano: ni kitu cha kupatikana.

Mwaka 1982 ukatolewa Ms. Pac-Man. Kimviringo kilekile cha manjano kilipewa utepe kichwani na rangi ya midomo, kikawa mwanamke. Mchezo ulikuwa mzuri na ulipendwa mno, lakini mchoro wake ulifunua kanuni iliyokuwa imejificha. Pac-Man hakuhitaji alama yoyote ya kiume. Alihesabiwa kuwa mwanamume kwa kukosa alama. Mwanamke alipatikana kwa kumchukua mwanamume na kumwongezea mapambo.

Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka vibaya katika Amerika ya Kaskazini. Wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari zake. Nintendo ilipoingia katika soko hilo mwaka 1985, iliuza mashine yake kwa sura ya kitu cha watoto cha kuchezea. Maduka ya namna hiyo yalikuwa yamegawanywa: rafu za wavulana huku, rafu za wasichana kule. Bidhaa isingeweza kukaa pande zote mbili, nayo michezo ya video ikawekwa upande wa wavulana. Matangazo yakafuata rafu, na waundaji wakafuata matangazo. Mwaka 1989 mashine ndogo ya mkononi ya kampuni hiyo ilipewa jina la Game Boy, neno la pili likiwa na maana ya mvulana.

Mfano ulio bora wa mazoea hayo ni mchezo wa Metroid wa mwaka 1986. Mchezaji humwendesha askari wa anga aitwaye Samus, aliyevaa deraya kutoka utosini hadi nyayoni. Kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilimtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Mchezaji aliyemaliza kwa haraka alioneshwa mwishoni askari huyo akivua kofia yake: alikuwa mwanamke. Kwa Kiingereza siri hiyo haikuwezekana kutunzwa bila kusema uongo. Kwa Kiswahili, ambacho hutumia "yeye" kwa wote, ingetunzwa bila shida. Tena mchezaji aliyemaliza kwa haraka zaidi alizawadiwa picha ya Samus akiwa amevaa nguo chache zaidi. Hivyo hata pale mwanamke alipokuwa shujaa kamili, mwisho wa safari alirudishwa katika cheo cha zawadi.

Kutoka kuhesabu watu hadi kuhesabu maneno

Miaka ilipita na mashujaa wa kike wakaongezeka. Lara Croft wa mchezo wa Tomb Raider, ulioundwa nchini Uingereza na kutolewa mwaka 1996, alijulikana hata na watu wasiocheza. Mwaka 2000 ulitolewa The Sims, mchezo wa kuendesha maisha ya nyumbani, ambao ulipata wachezaji wengi wa kike. Baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba tatizo limekwisha.

Mwaka 2023 kundi la watafiti lililoongozwa na Stephanie Rennick wa Chuo Kikuu cha Glasgow na Seán Roberts wa Chuo Kikuu cha Cardiff lilileta kipimo kipya. Badala ya kuhesabu sura, walihesabu maneno. Walichagua michezo 50 ya aina ile ambayo mchezaji hushika nafasi ya mhusika katika hadithi ndefu yenye mazungumzo mengi. Waliyakusanya mazungumzo yote yaliyoandikwa katika michezo hiyo, zaidi ya maneno milioni 6 yaliyosemwa na wahusika zaidi ya 13,000, kisha wakaitumia kompyuta kuyapanga kwa jinsia ya msemaji.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Wanaume walisema takriban maradufu ya wanawake: kati ya kila maneno 100, kama 35 tu yalitoka vinywani mwa wanawake. Katika asilimia 94 ya michezo hiyo wanaume walisema zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba hata baadhi ya michezo ambayo mashujaa wake wakuu ni wanawake, kama vile Final Fantasy X-2, iliangukia upande huo huo.

Yawezekanaje shujaa awe mwanamke na maneno yawe ya wanaume? Jibu limo katika umati wa wahusika wadogo. Shujaa ni mmoja au watatu; lakini mwenye duka, mlinzi wa lango, kuhani, nahodha, mkulima, mfalme na mpita njia ni mamia. Waandishi walipomweka mlinzi wa lango, walimfanya mwanamume bila kuwaza; vivyo hivyo na nahodha, na mfalme, na hata mpita njia. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kuwanyima wanawake maneno. Upendeleo ulijengwa kwa maamuzi madogo mengi, kila moja likiwa halina uzito likitazamwa peke yake. Ndiyo maana jicho haliuoni, na ndiyo maana hesabu ni ya lazima. Uchunguzi huo pia ulionesha kwamba sehemu ya maneno ya wanawake imekuwa ikiongezeka kwa muda, lakini kwa mwendo wa polepole.

Je, ni suala la kipaji?

Hoja isikikayo mara nyingi ni kwamba wanawake hawapendi michezo hii, au hawaiwezi, na kwamba waundaji wanawafuata wateja tu. Hoja hiyo ina sehemu mbili, na zote mbili zimepimwa.

Kuhusu kupenda, takwimu za Entertainment Software Association, chama cha makampuni ya michezo nchini Marekani, zilionesha mwaka 2023 kwamba asilimia 46 ya wachezaji wa nchi hiyo walikuwa wanawake. Kuhusu uwezo, mwaka 2016 Cuihua Shen na wenzake walitoa uchambuzi wa kumbukumbu za wachezaji zaidi ya 10,000 wa michezo miwili ya mtandao, mmoja wa Marekani na mmoja wa China. Wanawake walipanda ngazi kwa mwendo usiopungua ule wa wanaume.

Uchunguzi mwingine uligusa uwezo wa ubongo wenyewe. Iko stadi iitwayo kuona kwa fikra: kwa mfano, kulitazama umbo kama la mchemraba na kuligeuza akilini ili kujua litakavyoonekana kwa upande wa pili. Stadi hiyo ina manufaa katika uhandisi, uchoraji ramani na upasuaji, na katika majaribio mengi wanaume wamekuwa wakipata alama za juu kuliko wanawake. Mwaka 2007 Jing Feng, Ian Spence na Jay Pratt wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliwachukua wanafunzi wasio na mazoea ya michezo ya video na kuwapa saa 10 za mazoezi. Kundi moja lilicheza mchezo wa mapambano wenye mwendo wa kasi. Kundi la pili lilicheza mchezo wa mafumbo. Kundi la kwanza lilipanda alama, na wanawake walipanda zaidi ya wanaume, hata pengo likapungua sana. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, faida ile ilikuwa bado ipo. Kundi la pili halikupata maendeleo kama hayo.

Wanafunzi hao walikuwa wachache, na jaribio moja haliwezi kumaliza shauri. Lakini lilitosha kuonesha kwamba tofauti iliyodhaniwa kuwa ya kuzaliwa yaweza kupunguzwa na mazoezi ya saa 10. Kama ni hivyo, mtoto aliyecheza maelfu ya saa tangu utotoni amepata mafunzo ambayo dada yake hakuyapata, na huenda matokeo ya mafunzo hayo yakaitwa kipaji.

Swali linalozuka ni: ikiwa wanawake wanapenda na wanaweza, ni kitu gani kinachowafukuza? Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walilipima jambo hilo kwa njia rahisi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Katika mchezo wa vita wa Halo 3, ambao wachezaji wasiofahamiana husikilizana kwa mtandao, walicheza michezo mingi wakitumia sauti zilizonaswa mapema. Maneno yalikuwa yaleyale, ya salamu na ya kawaida. Mara yalisemwa na sauti ya kiume, mara ya kike, na mara nyingine hapakuwa na sauti. Sauti ya kike ilipokea maneno mabaya mara tatu zaidi ya sauti ya kiume au ukimya.

Mwaka 2015 Kuznekoff, pamoja na Michael Kasumovic wa Australia, alizichambua upya kumbukumbu za majaribio hayo, safari hii akitazama uhodari wa wasemaji. Ilionekana kwamba wanaume waliocheza vibaya ndio waliokuwa wakali zaidi kwa mwanamke. Waliocheza vizuri walimsemesha kwa wema. Wachunguzi hao walifasiri kwamba aliye chini katika ngazi ndiye anayeogopa kupitwa na mgeni.

Madhara ya ukali huo si ya kubuni. Mwaka 2014 ilizuka kampeni kali mtandaoni dhidi ya wanawake waliounda au kuhakiki michezo. Mhakiki Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua picha za wanawake katika michezo, alilazimika mwezi Oktoba mwaka huo kufuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya kutolewa vitisho vya mauaji.

Mifupa na nywele

Wakati mwingine upendeleo hujificha ndani ya ufundi. Mhusika wa mchezo wa kisasa hujengwa kwa tabaka. Ndani kabisa kuna mifupa, yaani mfumo wa viungo unaopinda magotini, viwikoni na shingoni. Juu yake huvikwa ngozi na mavazi. Miendo ya kutembea, kukimbia na kupanda hutengenezwa kwa mifupa hiyo. Mifupa ikisogea, ngozi hufuata.

Mwezi Juni mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft iliulizwa kwa nini mchezo wake wa Assassin's Creed Unity haukuwa na mhusika wa kike wa kuchezwa katika sehemu ya wachezaji wanne. Jibu lilikuwa kwamba kumtengenezea mwanamke miendo yake kungeongeza kazi maradufu. Jonathan Cooper, fundi wa miendo aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo, alijibu hadharani kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja au mbili, kwa kuwa miendo mingi yaweza kutumiwa na maumbo yote mawili. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoa mwaka 2012 mchezo ambao shujaa wake ni Aveline de Grandpré, mwanamke wa New Orleans mwenye damu ya Kifaransa na ya Kiafrika. Ufundi ulikuwapo, kilichokosekana ni kumpangia mwanamke nafasi tangu siku ya kwanza ya ramani.

Suala la nywele ni gumu zaidi kisayansi, na lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiafrika. Kompyuta haiwezi kuchora nywele zote kwa mkono. Hutumia hesabu za fizikia zinazoeleza jinsi kila unywele unavyopinda na kuanguka. Kwa miaka mingi utafiti wa hesabu hizo ulielekezwa kwenye nywele nyoofu na za mawimbi. Unywele mnyoofu huning'inia kama uzi, lakini unywele wa kipilipili hujikunja kama springi na kusimama, tena hushikamana na wenzake. Hesabu za uzi haziwezi kuueleza. Matokeo yake ni kwamba wahusika weusi, hasa wanawake, walipewa nywele zinazofanana na kofia au sufu isiyo na uhai. Mwaka 2024 watafiti, wakiwamo Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale na A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California cha Santa Cruz, walitangaza mbinu mpya za kihesabu kwa ajili ya nywele za namna hiyo hasa.

Nani aliyeshika kalamu

Ukiiweka sensa ya wahusika kando ya sensa ya waundaji, zinafanana. Mwaka 2005 uchunguzi wa chama cha kimataifa cha waundaji wa michezo, IGDA, ulikuta kwamba wanawake walikuwa asilimia 11.5 ya waliojibu, na watu weusi asilimia 2. Mwaka 2014 wanawake walikuwa wamefika asilimia 22.

Uhaba huo unaanzia nyuma, katika vyuo. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walipata asilimia 37 hivi ya shahada za kwanza za elimu ya kompyuta nchini Marekani. Kufikia mwaka 2010 sehemu yao ilikuwa imeshuka hadi asilimia 18 hivi. Jane Margolis na Allan Fisher, waliochunguza jambo hili katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, waligundua kwamba wavulana wengi walifika chuoni wakiwa wamekwisha kuzoea kompyuta za nyumbani, zilizowekwa katika vyumba vyao na si vya dada zao. Walimu waliyachukulia mazoea hayo kuwa ndiyo akili. Chuo kilipoacha kudai ujuzi wa awali na kuweka masomo ya kuanzia ya ngazi mbalimbali, wasichana waliojiunga waliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Akili za wasichana wa nchi hiyo hazikubadilika katika miaka mitano. Kilichobadilika ni mlango.

Mwenye kalamu akiwa mwingine, hadithi nayo huwa nyingine. Muriel Tramis, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, aliunda nchini Ufaransa mchezo wa Méwilo mwaka 1987, unaohusu kisiwa chake mwaka 1902. Mwaka uliofuata alitoa Freedom, unaohusu maasi ya watumwa katika shamba la miwa. Na miongoni mwa watumwa ambao mchezaji aweza kuwachagua kuongoza maasi hayo wamo wanawake. Mwaka 2018 serikali ya Ufaransa ilimtunukia nishani ya Légion d'honneur.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2007 nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mmojawapo wa michezo ya mwanzo ya picha za pande tatu kuundwa katika Afrika ya Mashariki. Shujaa wake ni mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, ambamo shujaa Enzo husafiri na kupigana pamoja na mkewe Erine. Mke huyo hatekwi ili aokolewe, bali ni mshauri na mpiganaji. Kwa upande wa wachezaji, mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, hodari wa mchezo wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kigeni na kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufikia hatua hiyo.

Hesabu ya darasani

Katika sayansi, jambo lililopimwa huwa rahisi kurekebishwa kuliko jambo linalohisiwa tu. Thamani ya tafiti hizi ni kwamba njia zake hazihitaji mitambo ya gharama. Wanafunzi wa shule ya sekondari, wakiwa na mchezo mmoja, saa ya mkononi na karatasi yenye safu nne, waweza kufanya sensa yao wenyewe. Safu ya kwanza ni ya idadi ya wanaume na wanawake wanaoonekana katika muda wa nusu saa. Ya pili ni ya maneno: nani amesema, na mara ngapi. Ya tatu ni ya kazi: nani anatenda na nani anangoja. Ya nne ni ya mlango: je, mchezaji aweza kumchagua mwanamke tangu mwanzo, bila kulipa zaidi wala kungoja?

Njia hiyohiyo yafaa kwa waundaji chipukizi wa kwetu, ambao bado hawajafungwa na mazoea ya rafu za maduka ya Amerika. Mwandishi wa mchezo aweza kuipitisha orodha ya wahusika wake mbele ya safu hizo nne kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa. Wakati huo kumbadilisha mlinzi wa lango au nahodha kuwa mwanamke hakugharimu zaidi ya kufuta jina na kuandika jingine. Mchezo ukishakamilika, kazi hiyohiyo huwa ya sauti mpya, picha mpya na fedha mpya. Wazazi na walimu nao wanalo la kufanya ambalo ni dogo kuliko yote: kuhesabu ni nani nyumbani au darasani anayekaa mbele ya kompyuta, na kwa muda gani, kisha kuugawa muda huo sawasawa.